Kamba za Viatu vya Shekimweri

Shekimweri, mkongwe wa mpira wa kikapu, aliomba kusajiliwa kama mchezaji wa akiba. Tajiri wa timu akaangua kicheko.

"Mzee, kwa magoti hayo? Mshinde kwanza nyota wangu, Lugome."

"Sawa, tajiri." Shekimweri akaketi benchi, akaanza kufunga kamba za viatu taratibu. "Mwanangu Lugome, watu wanasema siku hizi huruki."

"Nani, mimi?" Lugome akaruka, akautumbukiza mpira kikapuni.

"Kumbe! Na kwa mkono wa kushoto? Na baada ya kukimbia uwanja mzima?"

Lugome akakimbia, akaruka, akarudia, mpaka akainama kashika magoti, anahema.

Hapo ndipo kamba zikafungika. Shekimweri akainuka, akamfunga vikapu mfululizo.

"Umemchosha kwanza!" tajiri akafoka.

"Kwani, tajiri, mchezaji wa akiba huingia lini?"