Ngatunga, Baharia wa Kihangwe

Sogeeni, wajukuu zangu, niwape ya kale, kale ile ambayo hata bibi yangu aliisikia tu, hakuiona.

Palikuwa na mji kando ya ziwa, ukiitwa Kihangwe. Vita vikaja, wanangu. Adui wakaja kwa nchi kavu, wakachoma mitumbwi, ukabaki mmoja tu, mtumbwi wa Ngatunga. Watu nao walikuwa wengi, wengi mno!

Ngatunga akapakia wazee, akapiga kasia, akawafikisha kisiwani. Akarudi. Akapakia wagonjwa, akapiga kasia, akawafikisha. Akataka kurudi tena.

Wapiga kasia wenzake sita wakamwambia, "Ngatunga, basi! Adui wako ufukweni."

"Kina mama wa mtaa wa juu bado."

"Tutakufa!"

"Anayeogopa ashuke. Sitamlaumu."

Wawili wakashuka. Wanne wakabaki. Mngekuwa ninyi je? Haya, msijibu upesi.

Wakawakuta kina mama wamesimama ndani ya maji, watoto mabegani. Wakawapandisha wote. Mtumbwi ukajaa, ukalemewa, ukakwama mchangani. Mishale nayo inaanguka majini, chwa, chwa, chwa! Ngatunga akamkabidhi mwenzake usukani, akashuka, akausukuma kwa bega. Akasukuma, akasukuma, mpaka ukaelea. Ukaenda. Yeye hakwenda.

Waliokuwamo walifika salama. Ngatunga hakuonekana tena.

Vita vilipokwisha, chifu akaenda mwenyewe kwa Namasiku, mama yake Ngatunga, akaketi naye mkekani.

"Pole, mama. Mwanao ametuokoa. Sema utakacho, ng'ombe au shamba, tutakupa."

 Mama akauliza, "Siku ile, alikuwa amekula?"

Chifu akawageukia wapiga kasia aliokuja nao.  Mmoja wao akajibu, "Alikula, mama. Tuligawana muhogo wa kuchoma. Kipande kikubwa akanipa mimi."

"Ndiye huyo hasa," mama akasema, machozi yakimtoka. "Ng'ombe sitaki. Mtajeni. Mtajeni pamoja na baba yake."

Tangu hapo, kila mtumbwi mpya ulipoingia majini, wapiga kasia waliinua makasia juu, wakaita, "Ngatunga, mwana wa Chilumba!" Kisha kimya, mpaka makasia yaache kudondosha maji.

Basi, wanangu, mkivushwa penye hatari, jueni jina la aliyewavusha, na muwafundishe watoto wenu kulitaja.

Kisa nimekifikisha ng'ambo. Mimi nashuka, kibebeni ninyi.