Betri Iliyoimba Msibani

Msianze kugeukiana. Mwalimu nitakayemsema hayupo kijiji hiki, nimemtunga mwenyewe jana nikipembua mchele. Lakini mwenye kidonda ajikunje, maana napita na chumvi.

Palikuwa na mwalimu wa kike, mgeni wa kuja, kazi yake maktaba. Maktaba yenyewe ilikuwa stoo ya majembe zamani, na vitabu vyake mchwa walikuwa wamevisoma kabla ya watoto. Mtoto anasoma habari za moyo, anasoma mapafu, akifika kwenye figo ukurasa hakuna. Basi mwalimu akahangaika. Akaandika maombi huku na huku, akanyenyekea mbele ya wakubwa wanaokaa chini ya feni, hadi shule ikapata kompyuta chache zenye vitabu ndani yake, sola juu ya bati, na betri moja kubwa. Umeme wa nguzo ulikuwa haujafika. Bila betri ile, kompyuta zote zilikuwa mabati ya kuwekea vumbi.

Walimu wenzake walimcheka. "Sisi tunafundisha kwa chaki, mwenzetu anafundisha kwa taa!" Yeye akaenda kufungua mlango wa maktaba. Watoto wa darasa la saba wakawa hawabanduki maktaba, na wengine waliokwisha kuitwa wajinga wakaanza kuuliza maswali hadi walimu wanajificha chooni.

Kisha akafa mzee mmoja wa kijiji.

Na sisi kwa misiba tunajuana. Siku hizi msiba bila spika si msiba, ni mkusanyiko wa watu wenye njaa. Lazima nyimbo zisikike hadi kijiji cha pili, wajue nasi tumefiwa. Lakini jenereta inataka petroli, na petroli inataka michango. Wakaikumbuka betri ya shule. Mwenyekiti wa kijiji akaenda mwenyewe na toroli.

"Mwalimu, tunaazima betri. Ya msiba tu, kesho kutwa inarudi."

"Poleni sana, Mzee. Nitakuja kupika, nitateka maji, na mchango wangu huu hapa. Betri siwezi. Ikikamuliwa na spika usiku kucha haiamki tena, na watoto wana mtihani mwaka huu."

"Kwa hiyo unamnyima maiti?"

"Maiti hajaniomba, Mzee. Umeniomba wewe."

Mh! Alisema kweli. Ila zipo kweli ambazo mgeni hasamehewi kuzisema. Mwenyekiti akageuza toroli lake tupu, na pale mlangoni akasema kwa upole, ule upole wa mtu anayenoa kisu: "Sawa, binti yangu. Ila kumbuka kompyuta hazichimbi kaburi."

Tangu siku ile mwalimu akiingia dukani mazungumzo yanakatika. Mama mmoja, ambaye mwanawe ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote kwenye kompyuta zile, akasema kisimani, "Yule ana roho ya chuma kama mashine zake." Wenzake wakacheka, wakajitwisha ndoo.

Mwalimu alikuwa akiishi na mama yake mzazi, mgonjwa wa muda mrefu. Asubuhi moja mama akakata roho. Mwalimu akatoka uani akapiga yowe, na ninyi mnajua yowe la asubuhi linavyokusanya watu. Hakuja mtu. Majirani waliingia ndani wakashusha pazia. Walimu wenzake walikuja wakakaa mkekani, lakini makaburi ni ya wenyeji, nani atakata udongo bila ruhusa yao? Na kwao mwalimu ni mbali, gari la kubeba maiti asingeliweza.

Jua likapanda. Sitaki kuwaeleza joto linafanya nini. Mnajua.

Mchana mwenyekiti akaingia, kofia mkononi.

"Pole, mwalimu."

"Ahsante, Mzee."

"Vijana wameshika majembe. Wanangoja neno lako tu."

"Neno gani, Mzee?"

"Ufunguo."

Mwalimu alikuwa chini, miguu ameinyoosha, mama yake nyuma ya shuka. Kisha akafungua fundo la khanga yake, akautoa ufunguo wa maktaba, akamwekea kiganjani.

Mngeona watu walivyomiminika! Kuni zikaja, masufuria yakaja, maharage yakaja, na wenye vilio vya kupasua anga wakaja navyo. Betri nayo ikaja juu ya toroli, ikaunganishwa, ikaimba msiba wa mama yake mwalimu hadi ikakata moto. Na yule mama wa kisimani akamkumbatia mwalimu akamwambia, "Umeona sasa? Sisi watu wema, mwalimu. Ulikuwa tu hujatuzoea."

Baada ya hapo betri haikurudi kukaa. Ilikwenda msibani, ikaenda kwenye ubarikio wa kanisani, ikaenda harusini, ikaenda kwenye kampeni. Maji yake yalipopungua mtu mmoja akaijaza ya kisima badala ya maji ya betri, kama anayenywesha ng'ombe. Mtihani ulipokaribia ndipo ikarudishwa. "Mwalimu, chombo chenu hiki kibovu. Waliowapa waliwadanganya." Watoto wakakaa mbele ya vioo vyeusi, wakijitazama nyuso.

Matokeo yakaja. Nisiyataje. Ukaitwa mkutano wa wazazi, mwenyekiti akasimama, akakohoa, akasema: "Wananchi, mimi nina swali moja. Huyu mwalimu wa maktaba, hapa kwetu anafanya kazi gani?"

Wakapiga makofi. Mama wa yule mtoto hodari alipiga makofi huku amesimama. Mwalimu akahamishwa, akaliacha kaburi la mama yake kwa watu wale.

Sasa niambieni ninyi, nani aliiua ile betri? Kila mmoja ana nyimbo zake chache tu alizopiga. Nendeni nyumba kwa nyumba, hamtamkuta muuaji. Tunalia kwamba shule zetu hazina vifaa, na ni kweli, wapo wakubwa watakaolijibu hilo mbele za Mungu. Lakini vile vilivyofika, vimekwenda wapi? Mwizi angevunja kufuli tungemkimbiza kwa mawe. Sisi tunakwenda na "pole" mdomoni, halafu anayetunyima ndiye tunayemwita mchawi.

Na dhambi kubwa ya watu wale haikuwa betri. Betri hununuliwa nyingine. Kitu kizuri kuliko vyote tulivyo navyo ni kuzikana. Maskini kwa maskini, hatuna kingine. Wao walikichukua hicho wakakifanya fimbo ya kumpigia mtu mmoja, aliyekosa kwa kuwapenda watoto wao kuliko wao wenyewe. Mimi naogopa. Naogopa kwa sababu nimewatunga, na hata hivyo sikuhangaika kuwatafutia maneno ya kusema; yalikuwa masikioni mwangu tayari.

Wiki hii atakufa mtu. Hatujawahi kupewa wiki ya kupumzika. Na tukikaa mkekani, mmoja wetu atainamia mwenzake aseme, "Lakini si kule shuleni kuna..." Mkatizeni hapo hapo, hata akiwa mfiwa. Hata akiwa mchungaji. Tutaimba kwa midomo. Mungu hakutupa midomo ya kusengenyea walimu peke yake.