Chanuo Lililoanguka Mara Tatu

Wanawake wenzangu, sogeeni karibu na simu ziwekeni mikobani, maana hili nililokuja nalo leo ni la moto na silirudii.

Kulikuwa na msusi mmoja, binti wa miaka ishirini na saba, vidole vyepesi kama anachambua mchicha. Habari zote za mtaa zilipita kibarazani kwake kabla hazijawafikia wenyewe: nani kahama, nani karudishwa kwao, nani siku hizi anapika pilau katikati ya wiki.

Jumatatu moja chanuo likamponyoka. Mnajua tunavyosema kitu kikidondoka mkononi. Wateja wakacheka, na mama mmoja mwenye mdomo akasema, "Mgeni huyo yuko njiani. Bandika chai."

Jumatano likaanguka tena. Binti akaukodolea macho mkono wake wa kulia, anaugeuzageuza kama si wake.

"Mama, mkono umekufa ganzi."

"Basi mgeni ni mzito," akajibu yule yule. "Ongeza na maandazi."

Kibaraza kizima kikavunjika mbavu. Dakika kumi ganzi ikaisha, akaendelea kusuka. Kwa ganzi ya dakika kumi, nani angemwambia nenda hospitali? Wewe ungemwambia?

Ijumaa alikuwa anamsuka bibi harusi mtarajiwa, kafika nusu ya kichwa. Chanuo hilo, chini. Mara hii mdomo umekwenda upande, maneno yanamtoka kama uji. Hapo kila mtu akawa tabibu: huyu anataka maji ya baraka, huyu anamtaja jini na mtaa alikotoka, mwingine anauliza binti kagombana na nani. Bibi harusi ndiye aliyeinuka. Alimbeba mgongoni, nusu kichwa kimesukwa, nusu nywele zimesimama wima, akasimamisha bajaji.

Hospitali wakasema ni kiharusi. Kiharusi, kwa binti asiye na presha wala sukari? Wakamwangalia moyo kwa mashine kama ile ya kumtazama mtoto tumboni. Kumbe kwenye vali, kile kijimlango cha moyo, kimeota kinyama kadiri ya punje ya dengu. Damu ikipita kinachezacheza. Kipande kikimeguka, kinapanda kichwani. Daktari akasema ile ganzi ya kwanza ilikuwa ndiyo hodi yenyewe, na kwamba angeletwa siku ile huenda wangewahi.

Walikitoa kile kinyama. Yuko hai, anaongea, anacheka. Ila mkono wa kulia mpaka leo haushiki chanuo.

Sasa niambieni, mgeni alikuwa njiani au hakuwa njiani? Alikuwa njiani. Nasi tukambandikia chai.

Ndiyo, nimesema tukambandikia. Yule mama mwenye mdomo mnamjua. Amesimama mbele yenu.

Sisi tunasoma dalili za mvua, za wageni, za jirani aliyevaa kanga mpya. Lakini mtu akitueleza jambo la mwili wake kwa kinywa chake mwenyewe, hatumsikii. Mungu alinipa masikio mawili, nikayapeleka yote mawili kwenye umbea. Basi mwenzako akikwambia mkono umekufa ganzi, hata kama ni kijana, hata kama imeshaisha, mshike huo mkono mwende. Chai iacheni ipoe.

Na hiki kilemba mnachokiona kila Jumapili mkasema bibi amejua kujipamba, chini yake hakuna msuko tangu Ijumaa ile. Namngoja yeye.