Jina la Shimo la Mwisho la Kasumbi

Mliokaa mbele sogeeni kidogo ili walio nyuma nao wasikie. Nina jambo la kuwapa mlitafune, maana mimi limenishinda.

Katika kilima cha Kasumbi, kule upande wa Mpanda, walikuwako watu watatu. Sizya Kapama alikuwa na jicho la mawe. Akiokota jiwe njiani aliweza kukwambia limetoka bonde gani. Hawa Nzunda alikuwa na mkono wa mashine. Injini iliyowashinda mafundi wote, yeye aliinamia, akaisikiliza, ikaunguruma. Na Mwalimu Tendwa alikuwa na kichwa cha karatasi. Hakuna barua ya serikali iliyompiga chenga, hata yale maandishi madogo ya chini kabisa.

Wa nne alikuwa Kalunde, mama aliyewapikia wachimbaji. Yeye hakuwa na kipaji cha kusimuliwa, ila watu walimwamini.

Siku hizo wachimbaji wa Kasumbi walikuwa arobaini na tano, wote wakifuata dhahabu upande wa mashariki. Dhahabu ikapungua, watu wakaanza kufunga mizigo. Sizya akawaambia, "Tunaukwaruza mgongo tu. Tumbo la kilima liko magharibi." Wakamcheka. Akaenda peke yake kiangazi cha kwanza, akaenda na cha pili. Mkewe akachoka kuishi na mtu anayejaza mawe chumbani, akarudi kwao na watoto. Kiangazi cha tatu Sizya akateremka na jiwe lenye kutu ya kijani, akalipasua mbele ya jiko la Kalunde.

"Hiyo kijani ni nini, kaka?"

"Shaba, dada. Na hivi vinavyometameta ni dhahabu. Vimelala kitanda kimoja."

Kalunde akaweka mwiko chini, akawaita wenzake. Mizigo ikafunguliwa, na wale arobaini na tano wakaunda kampuni yao.

Mwaka wa pili wa kampuni, wakati wa masika, ukuta wa shimo ulipasuka na maji yakaingia. Watu kumi na mmoja walikuwa chini, miongoni mwao Mihambo, mume wa Kalunde. Walipanda kwenye pango la juu, lakini maji yaliwafuata huko huko, na pampu ya kampuni ikaungua. Hawa akang'oa injini ya mashine ya kusaga unga ya kijijini, akaifunga kwenye pampu nyingine kwa mkanda uliokatwa kwenye tairi la lori. Mkanda ukachomoka. Akaurudisha kwa mkono injini ikiwa inazunguka, ukamkata vidole viwili.

"Zima, Hawa! Mkono wako!" Kalunde alipiga kelele.

"Nikizima haiwaki tena. Nipe kanga yako."

Akaufunga mkono, akabaki pale pale akiushikilia mkanda kwa kipande cha ubao. Siku ya tatu, jua likiwa utosini, wakaanza kutoka mmoja mmoja. Mihambo alitoka wa mwisho, hawezi kusimama, na Kalunde akakaa matopeni akalia bila kujali nani anamtazama.

Mwaka wa tatu Mwalimu Tendwa, aliyekuwa akifundisha shule ya jirani, aliombwa awasomee leseni. Akafika kwenye yale maandishi madogo, akayarudia mara mbili. Leseni ilitakiwa kuhuishwa kabla mwezi haujaisha, la sivyo kilima kingekuwa cha yeyote atakayekiomba. Na kampuni moja ya mbali ilikuwa imeshakiomba. Zilibaki siku nane, na mvua zilikuwa zimekata reli ya kwenda Tabora, kwenye ofisi ya madini.

"Ukiondoka na mitihani hii mezani, Mwalimu, usirudi," mkuu wake wa shule alimwambia.

Akaondoka. Alitembea siku tano, karatasi amezifunga kwa nailoni kichwani, akavuka mito kwa kamba, mpaka akapata gari la kumfikisha Tabora. Alipoingia ofisi ya madini, karani alikuwa anafunga daftari. Mhuri ukapigwa. Aliporudi, darasa lake lilikuwa na mwalimu mwingine.

Basi kampuni ikakua. Ikajenga kinu cha kusagia mawe, zahanati, na shule ambayo Tendwa mwenyewe aliiongoza. Kalunde akachaguliwa mwenyekiti, akachaguliwa tena, mpaka mvi zikamjaa.

Juzi wamemaliza kuchimba shimo jipya, refu kuliko yote, na wapimaji wanasema kilima hakina nafasi ya jingine. Desturi ya Kasumbi ni shimo moja, jina moja la mtu, ili anayeita msaada kwa redio ajulikane mara moja yuko wapi. Mashimo ya zamani yamebeba majina ya waliofariki. Hili la mwisho wanachama walitaka limheshimu aliye hai. Kura zikagawanyika sawa kwa watu watatu. Wakaanza hata kunywa chai kwa makundi matatu, wasisalimiane. Uamuzi ukaachiwa mwenyekiti.

Akawaita wote watatu mbele ya mkutano.

"Bila macho yangu mngechimba nini?" akauliza Sizya. "Mngekuwa mmeshatawanyika."

"Shimo lililojaa maji ni kisima," akasema Hawa. "Na waliomo ndani ni marehemu. Waulizeni wale kumi na mmoja."

"Mawe yalionekana, watu wakaokolewa, sawa," akasema Mwalimu. "Lakini bila ule mhuri mngekuwa leo vibarua kwenye kilima chenu wenyewe."

Kalunde alimtazama Sizya, akaiona nyumba yake isiyo na mtoto. Akautazama mkono wa Hawa, kisha akamtazama Mihambo aliyekaa mstari wa pili, na akaogopa kwamba moyo wake ulikuwa umeshapiga kura. Akamtazama Mwalimu, mtu aliyepoteza kazi kwa ajili ya kilima ambacho hakuwa na hisa hata moja ndani yake.

Akachovya brashi kwenye rangi nyeupe, akausogelea ubao mtupu juu ya mlango wa shimo. Watu wote wakasimama.

Mimi ningekuwa pale, brashi ingeniponyoka. Wewe mwenzangu, na wewe pale nyuma unayetikisa kichwa: ungeandika jina la nani, na wale wawili ungewaambia nini?