Tumbo Juu ya Tangi

Sempombe alikuwa mchoraji mbovu, naye alijua. Ndiyo maana kila picha aliiandikia maneno. Kwenye ukuta wa karakana yake, mkabala na soko, alichora mtu mnene amekalia tangi, akaandika: "Maji yapo. Kuinuka ndiko hakupo." Wauza nyanya walidhani ni kiboko.

Diwani Shekigenda hakudhani hivyo. "Mchana ukifika haijafutwa, naifunga karakana!"

"Nisamehe, Mheshimiwa. Lakini mke wangu nilimchora, akaniuliza mbuzi huyu wa nani. Wewe umejitambuaje?"

"Tumbo langu nisilijue?"

"Basi nitafuta. Ila nikifuta kimyakimya, watu watasema nimehongwa. Niandikie amri yenye muhuri."

"Na sababu niiandike?"

"Iandike wazi, Mheshimiwa. Mjinga kama mimi asipoelezwa, hurudia."

Diwani akaandika, akagonga muhuri, akaibandika mwenyewe palepale ukutani, juu ya tumbo la picha.

Mchana aliporudi, soko zima lilikuwa mbele ya ukuta. Mwanamke mmoja alikuwa akiwasomea wenzake kwa sauti: "Mtu aliyekalia tangi la maji ni mimi, Diwani wenu. Picha ifutwe."

"Sempombe! Mbona hujafuta?"

"Ndoo ya chokaa hii hapa, Mheshimiwa. Ila tangazo lenye muhuri wa kata halibanduliwi wala halipakwi rangi kabla ya siku kumi na nne. Sheria hiyo mliipitisha ninyi, na mimi naogopa kufungwa."