Kidole cha Lugendo

Maiti hanyooshi kidole. Methali hii aliitamka bibi mmoja harusini, mjukuu wake alipokuwa akijigamba mbele ya wakwe kwamba ana kiwanja huku na nyumba kule. Vijana wakacheka, wakadhani bibi amechanganyikiwa, maiti wanatajwaje kwenye pilau? Baadaye watatu kati yao wakanifuata nilipokuwa nimekaa nyuma ya turubai, wakaniuliza imetoka wapi. Nikawaambia bibi yule ana akili kuliko sisi sote tuliokuwa tukila. Nikawasimulia, na hasira yangu ikapanda upya kama inavyopanda kila nikisimulia.

Ilianza hivi.

Zamani nilipokuwa na miguu isiyotulia, leo Urambo, kesho Mpanda, nilipata kibarua cha kupandisha mizinga mitini kwa mrina asali mmoja katika mapori ya kusini ya Sikonge. Aliitwa Lugendo. Mkewe aliitwa Nyanzala, na binti yao mmoja tu, Milembe. Katika nchi ile wanawake wengi hawaendi porini kurina, lakini Nyanzala alikwenda. Alichonga magogo kwa tezo, akayatoboa, akayapaka nta ndani ili nyuki wavutwe na harufu. Mikono yake ilikuwa migumu kuliko yangu. Mizinga arobaini iliyotundikwa ng'ambo ya mbuga ilikuwa kazi ya wawili hao, na ndiyo iliyowalisha.

Sasa sikilizeni jambo la alama. Porini hakuna ua wala kufuli. Mzinga hulindwa na alama inayokatwa kwa shoka ubavuni mwake. Alama ya Lugendo ilikuwa makato matatu ya kusimama na moja la kulala. Aliipata kwa baba yake, na kaka yake Mlekwa aliitumia hiyo hiyo. Mtu akiiona alijua mzinga ni wa nyumba ile, hakuugusa. Kwa wezi ilitosha kabisa. Kwa ndugu haikutosha, na hilo ndilo Lugendo alilokataa kulitazama.

Siku moja nikiwa juu ya mti nimeshika kamba, nilimsikia Nyanzala chini.

"Baba Milembe, ongeza kato moja. Hapa chini. Watu wajue hii ni ya nyumba yetu, si ya baba mkwe."

"Unataka nimtenge kaka yangu nikiwa hai?"

"Sijasema umtenge. Nimesema ukate."

Lugendo akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka. Akanyoosha kidole upande wa mbuga, akakizungusha taratibu. "Yote ile ng'ambo ni yako na Milembe. Nani asiyejua?"

"Basi waite wazee uwaambie wao, uandike na karatasi. Mimi nimeshaambiwa mara kumi."

"Anayegawa mali yake anayaita mauti. Tutazungumza msimu ujao."

Msimu ujao. Nimezunguka nchi hii nikaona watu wanaoweka akiba ya mbegu, ya kuni, ya chumvi, watu wanaojua mvua itanyesha miezi minne kabla. Halafu waulize nani atachukua jembe lao wakifa, wanakutazama kama mchawi. Mtu anamnunulia ng'ombe kamba mpya, lakini mkewe anamwachia kidole.

Mimi niliondoka mwezi ule, miguu iliniwasha. Msimu ujao ulipofika, Lugendo alidondoka mtini. Alibebwa kwa machela mpaka karibu na kijiji, hajafungua mdomo, akafia njiani. Haya na yaliyofuata nilisimuliwa na Nyanzala mwenyewe, na mzee Kapaya aliyesimamia kikao alinithibitishia.

Matanga yalipokwisha, ukoo ukakaa. Mlekwa akasema mizinga yote yenye alama ya baba yao ni mali ya ukoo, na yeye mkubwa ndiye aliyebaki. Msimchukie haraka. Mlekwa hakuwa mwizi. Alikuwa kaka aliyeulizwa na alama, akajibu alivyofundishwa.

"Shemeji, sikunyang'anyi," alisema. "Kauangalie mzinga wowote kule. Makato matatu na moja la kulala. Hiyo ni alama ya nani?"

"Ya baba mkwe."

"Umesema mwenyewe."

"Nimesema alama. Magogo nimeyachonga mimi na mdogo wako, na baba mkwe yuko kaburini miaka saba. Alichonga akitokea wapi?"

Watu wakaguna. Mzee mmoja akasema huyu mama ana mdomo wa tezo. Kapaya akawanyamazisha, akamgeukia.

"Mama Milembe, marehemu alisemaje?"

"Alisema ng'ambo ya mbuga ni yetu. Alininyooshea kidole."

"Nani aliona?"

"Kijana mmoja wa kibarua. Kaondoka, sijui aliko." Kijana huyo ni mimi. Nilikuwa Mpanda nacheza bao.

Mlekwa akasema kwa upole, na upole ule ndio uliouma, "Shemeji, mimi ningelisikia kwa mwenyewe nisingekuwa na neno. Ningekuachia yote."

Nyanzala akasimama. "Kwa mwenyewe? Haya. Twendeni kwa mwenyewe."

Akatoka. Hawakuelewa mpaka walipomwona ameshika njia ya makaburini, wakalazimika kumfuata, wazee na fimbo zao, Milembe nyuma akivuta khanga ya mama yake ili arudi. Akasimama kwenye udongo ambao bado ulikuwa mwekundu.

"Baba Milembe," alisema, kama mtu anayemwita mumewe ndani ya nyumba. "Umeulizwa na kaka yako. Mizinga ya ng'ambo ni ya nani? Ulizoea kunyoosha, sasa nyoosha."

Kisha akangoja. Alingoja kweli, mikono kiunoni. Kapaya aliniambia hajawahi kuona ukimya mzito kama ule, watu wazima kumi na watano wakiutazama udongo. Mlekwa aliinamisha kichwa. Hata yeye, nadhani, angefurahi kidole kitokeze.

Mwisho Kapaya akavua kofia. "Twende, mama. Maiti hanyooshi kidole."

"Najua," alisema Nyanzala. "Nilimwambia akiwa hai. Nimewaleta hapa mjue ninyi."

Mizinga ilikwenda kwa Mlekwa. Niliporudi baada ya mvua nikasema niliyoyasikia, nikaambiwa shahidi mmoja, tena mzururaji, hawezi kurudisha kitu kilichokwisha gawanywa. Nyanzala nilimkuta uani akichonga gogo, la kwanza kati ya mengine arobaini, na umri ule. Ubavuni ameshakata alama yake, makato mawili yaliyokutana. Jina la mumewe hakulitaja kwa ubaya. Mimi ndiye ninayelitaja. Watu wanaposimulia kisa hiki humlaani Mlekwa. Mimi namlaumu Lugendo, aliyekuwa rafiki yangu, aliyempenda mkewe, na aliyekuwa na shoka mkononi kila siku akashindwa kukata kato moja.

Kapaya, siku ile ile ya makaburini, aliita mashahidi, wa ukoo wake na wasio wa ukoo, mkewe akiwapo, akaandikisha mali yake mpaka mwiko wa ugali. Aliishi miaka kumi na minane zaidi. Mauti hayakusoma ile karatasi.

Nilipofika hapo, Shija, kijana wa bodaboda, mmoja wa wale watatu, akacheka.

"Babu, hayo ni ya wenye mizinga. Mimi nina pikipiki na mtoto mmoja. Niandike nini?"

"Pikipiki ina jina la nani kwenye kadi?"

"La kaka. Siku ile mimi sikuwa na kitambulisho."

"Lakini aliyeinunua?"

"Mimi. Kaka mwenyewe anajua."

"Na mama wa mtoto?"

"Nilimwambia."

"Ulimwambiaje?"

Wenzake wakamtazama. Shija akageuka kuitazama pikipiki yake iliyoegeshwa kando ya turubai, na bila kujua anafanya nini, akainyooshea kidole. "Si ile pale," alisema, sauti imeshuka.

Nikamshika mkono ukiwa bado hewani. Ulikuwa na joto, una nguvu, unanuka mafuta ya mnyororo.

"Kesho asubuhi mchukue kaka yako na mama wa mtoto, mwende kwa mtendaji. Kadi ibadilishwe, na neno lako liandikwe mbele ya watu. Nyoosha leo, mjukuu wangu. Maiti hanyooshi kidole."

Safari hii hakuna aliyecheka.