Lami Iliyonyweshwa Maji

Barabara mpya ya lami ilipita ubavuni mwa Kibra ikiwa nyeusi tititi, na watu walitoka majumbani kuitazama kama biarusi. Mabruka, mjane wa Kinubi, peke yake hakuipigia vigelegele. Kati ya barabara hiyo na ua wake kulikuwa na mtaro uliopeleka maji ya mvua mtoni, na yeye aliuangalia mtaro tu. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, kwa kuwa Wanubi walinyimwa na serikali ya Waingereza ruhusa ya kujenga kwa mawe, na udongo na mafuriko havikai chungu kimoja.

Mzungu aliyesimamia barabara alitaka nyumba hiyo iondoke, eti ilimharibia sura ya kazi yake. Alimwamuru Mabruka ahame, akakataa. Alimtisha, akachekwa. Basi masika yalipokaribia, alimwita nyapara wake, Murjan, ndugu mdogo wa marehemu mume wa Mabruka, akamwamuru auzibe mtaro kwa vifusi karibu na mto, ili maji yamfurikie yule mwanamke uani. Murjan alikipenda cheo kuliko jamaa zake. Aliuziba siku hiyo hiyo.

"Shemeji, fungasha mapema," alimshauri Mabruka akiwa mlangoni, bila kuthubutu kuingia. "Mvua haina undugu."

"Mvua sina ugomvi nayo," alijibu Mabruka. "Kaka yako alimbebea Mfalme wa Waingereza bunduki mpaka akakatwa mguu, na kaburi lake liko hapa Kibra. Kamwambie bwana wako sihami, hata aniletee bahari!"

Mabruka hakukaa akashika tama. Aliwaita wanawake wenzake, Sitelbanat na Batul wakiwa mbele, wakajifunga vibwebwe. Walichimba udongo wa bustani, wakaujaza kwenye magunia na kuyapanga kando ya ua mpaka likawa tuta la kufika kifuani. Walifanya kazi wakiimba, na wimbo wenyewe ulikuwa wa kumkejeli Murjan.

Mvua ilipokuja, ilikuja kwa hasira. Maji yalishuka mtaroni yakakuta kumezibwa. Yakaujaribu ua wa Mabruka, yakakuta tuta. Basi yakatuama palepale kando ya barabara, yakinywewa polepole na kokoto zilizo chini ya lami.

Murjan alikuja mbio akihema. "Shemeji, vunja tuta! Maji yanaingia chini ya barabara!"

"Na yale yaliyotumwa yaingie chini ya kitanda changu, uliyaonea uchungu? Fungua mtaro."

"Bwana amekataza. Anasema wewe ndiwe utakayechoka kwanza."

"Basi na aje alivunje mwenyewe. Atanikuta juu yake."

Na kweli alipanda, akaketi juu ya tuta akilowa chapachapa, moyo ukimwaka kwa ghadhabu. Hakuna kibarua aliyethubutu kumgusa mjane wa askari.

Juu, lami bado iling'aa, lakini chini yake msingi ulikuwa umelainika kama uji. Malori ya mawe yalipopita, nyufa zilitokea zikitema tope kwa kila gurudumu. Nyufa zikawa mashimo, lami ikabanduka vipande vipande, na mwishowe gari la msimamizi mwenyewe likazama hadi tumboni, mbele ya ua wa Mabruka. Wanawake walipiga vigelegele, na safari hii Mabruka naye akapiga.

Wakubwa kutoka mjini walifika, wakafuata maji mpaka kwenye vifusi, wakauliza ni nani aliyeuziba mtaro. Msimamizi alimnyooshea kidole Murjan. Murjan akamnyooshea msimamizi. Mzungu alihamishwa akiwa amenuna. Murjan alipokonywa unyapara, akapewa sepetu ya kuuzibua mtaro alioujaza mwenyewe. Nyumba ya udongo ilisimama wima.

Murjan alichimba mbele ya macho ya watu mpaka viganja vikamchubuka. Alipomwona Mabruka tutani, alilalama, "Shemeji, huna hata neno la huruma?"

"Ungeumia ukinitetea, ningekukanda kwa mikono yangu," Mabruka alimjibu. "Lakini hili ulilitaka wewe. Chimba, shemeji! Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole."